Jinsi ya kuusoma msitu wa mikoko: maji, tope, mizizi, na jani mwisho

Mtu anayeingia mikokoni kwa mara ya kwanza huchuma jani, akaligeuza, akalilinganisha na picha. Kwa miti miwili mitatu atapatia. Kwa iliyobaki atakosea, kwa sababu majani ya aina kama mkoko, muia na mkandaa yanakaribiana, na mti wa aina moja kama mchu huwa mrefu na mnene ukingoni mwa bahari, kisha ukawa kichaka cha kufika magotini nyuma ya msitu. Wanaoujua mwambao huanza kwingine. Hutazama maji yanafika wapi na mara ngapi kwa mwezi, halafu tope, halafu mizizi. Jani huja mwisho, kuthibitisha. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na unafaa popote kwenye mikoko yetu, kuanzia Lamu na delta ya Mto Tana, kupitia Mida, Gazi, Tanga, Pemba na Chwaka, hadi delta ya Rufiji, Mafia, Kilwa na mdomo wa Ruvuma.

Je, hapa ni ardhi oevu?

Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, una tafsiri pana. Unahesabu vinamasi na maji ya kudumu au ya msimu, matamu au ya chumvi, yaliyotuama au yanayotiririka, pamoja na bahari ambayo maji yakipwa kina chake hakizidi meta 6. Kwa hiyo mikoko, tambarare ya tope iliyo mbele yake, nyasi za baharini na uwanda mtupu wenye chumvi nyuma yake vyote ni ardhi oevu moja. Eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa liliingia kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2004, na delta ya Tana mwaka 2012.

Ukiwa shambani hukumu kwa alama tatu: maji yanayofunika au kujaza udongo kwa sehemu ya mwaka, udongo uliokosa hewa, na mimea iliyozoea hali hiyo. Alama mbili zikikubaliana na ya tatu haionekani, usikate shauri la kuliita eneo kavu. Pengine umekwenda siku za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, au miti imekatwa. Udongo hukaa na alama zake muda mrefu baada ya mti kuondoka.

Siku na saa ya kwenda

Nenda siku za bamvua, yaani siku moja hadi tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, nawe utaona msitu wote kuanzia mti wa mbele kabisa hadi ukingo wa mwisho wa chumvi. Kwenye pwani yetu bamvua hupwa takriban kati ya saa nne na saa sita mchana, na hujaa alfajiri na jioni. Ingia muda wa saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na uanze kutoka mara yanapogeuka. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na sehemu za juu hazifikiwi kabisa. Siku hizo zinafaa kuchunguza ndege, hazifai kuchora mipaka ya msitu.

Vaa viatu vya kufunga kamba vinavyobana mguu. Buti za mvua hunaswa kwenye tope laini, mguu ukatoka na buti likabaki. Chukua fimbo ya meta moja na nusu ya kupima kina cha tope, tepe ya kupimia, kamba ya meta 50, koleo dogo, kalamu ya risasi (wino huyeyuka), na maji matamu ya kunywa na ya kuosha majeraha. Chaza walioshikana na mizizi hukata vibaya, na kidonda chenye tope huoza upesi. Usubi huuma zaidi alfajiri na jioni. Kwenye delta za Rufiji na Tana kuna mamba na viboko: huko usiingie bila mwenyeji wa mto huo, hata kama maji yanaonekana mafupi.

Soma tope

Chimba shimo la sentimita 30 na utazame ukuta wake kabla maji hayajaujaza. Rangi ya kijivu inayoelekea buluu, au nyeusi, inaonyesha udongo uliokaa bila hewa. Harufu ya yai bovu ni gesi inayotolewa na bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari pasipo na oksijeni. Harufu hiyo ikiwepo kwa kiasi, msitu uko katika hali yake. Ikiwa kali mno na tope ni jeusi tii mahali ambapo miti inakufa, shuku kwamba maji yamezibwa yasitoke.

Tafuta pia mistari ya rangi ya kutu kuzunguka mizizi midogo. Mizizi hai huvuja hewa kidogo ndani ya tope, na chuma kilichomo hushika kutu hapo. Mistari hiyo ni ushahidi kwamba mimea ya eneo hilo inaishi na maji.

Hapa kuna jambo linalowatia hasara watu wengi. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa ambayo hayana madhara maadamu yako chini ya maji. Ukilizungushia tuta, ukalikausha ili upande mpunga au ufuge kamba, hewa huingia, salfa ikageuka asidi, na udongo ukawa mkali kiasi cha kuua mizizi ya mazao. Mtu huona ardhi nyeusi akadhani ina rutuba ya kudumu. Kabla ya mipango yoyote ya namna hiyo, acha bonge la tope likauke kivulini wiki kadhaa, lilowanishe tena, kisha ulipime kwa karatasi ya kupimia asidi (pH). Kipimo kikishuka chini ya 4, eneo hilo halilimiki kwa faida.

Soma mizizi

Tope halina hewa, hivyo kila mti umetafuta njia yake ya kupumua, na njia hiyo haibadiliki mti uwe mfupi au mrefu. Ndiyo maana mzizi ni shahidi bora kuliko jani.

Mizizi inayotoka shinani juu, ikajipinda na kushuka topeni kama magongo, ni ya mkoko (Rhizophora mucronata, sehemu nyingi za Tanzania huitwa pia mkaka). Vijiti vyembamba vilivyosimama wima, vya unene wa penseli na urefu wa sentimita 10 hadi 20, ni vya mchu (Avicennia marina). Ukivifuata utaona vimepangwa mstari kutoka kwenye shina, kwa sababu vyote vimeota juu ya mzizi mmoja mrefu uliolala chini ya tope. Vijiti vinene vyenye tako pana na ncha nyembamba, mara nyingi zaidi ya sentimita 20, ni vya mlilana (Sonneratia alba). Mizizi iliyoinuka na kurudi chini, ikafanya magoti, ni ya muia (Bruguiera gymnorhiza, ambao wengine huuita msindi). Mkandaa (Ceriops tagal) nao una vigoti vidogo, na tako la shina lake limetanuka. Na ukiona mizizi bapa kama mbao zilizosimama kwa ubavu, inajipindapinda juu ya tope mbali na shina, huo ni mkomafi (Xylocarpus granatum).

Kutoka baharini kwenda bara

Kwa kawaida huhesabiwa aina tisa za mikoko. Wanaohesabu kumi huongeza Pemphis acidula, kichaka cha kwenye miamba na mchanga. Mpangilio wa aina hizi hufuata kimo cha ardhi. Anza kwenye maji.

Mlilana husimama mbele kabisa, mahali panapofunikwa na karibu kila maji kujaa. Jani lake ni nene, la mviringo, na pande zake mbili zina kijani kinachokaribiana. Tunda ni la kijani, limekaa juu ya kikombe cha ua chenye pembe sita hadi nane kilichofunguka kama nyota. Maua hufunguka usiku, yana nyuzi nyingi nyeupe, na popo ni miongoni mwa wanaoyachavusha. Asubuhi utakuta nyuzi zimedondoka juu ya maji.

Nyuma yake huja mkoko, mara nyingi ukitawala kingo za mikono ya bahari yenye tope laini. Jani ni kubwa, na ncha yake ina kijimwiba kidogo unachokihisi kwa kidole. Geuza jani: upande wa chini umejaa vidoa vidogo vya kahawia au vyeusi. Mwiba na vidoa vikiwepo pamoja, huna haja ya kutafuta zaidi. Kinachoitwa mbegu ya mkoko ni mche ulioota ukiwa bado mtini. Ni mrefu, mara nyingi sentimita 30 hadi 60, una vipele na ncha kali.

Muia hupenda katikati, penye maji matamu kiasi. Jani lake lina ncha lakini halina mwiba wala vidoa. Alama isiyokosea ni kikombe cha ua: chekundu, chenye ndimi kumi hadi kumi na nne, na hubaki kimeshika mche hata unapoanguka. Mche wenyewe ni mnene, laini, wa sentimita 15 hadi 25, na ncha yake ni butu.

Mkandaa hutanda kwa wingi palipoinuka zaidi, panapofikiwa na maji makubwa tu. Jani ni dogo, linaelekea umanjano, na ncha yake ni ya mviringo au imebonyea kidogo. Mche ni mwembamba na una migongo inayoenda kwa urefu. Hicho ndicho kinachoutenga na muia. Magome yake ndiyo yanayotoa rangi nyekundu ya kutilia ukili na kuhifadhi nyavu.

Mchu ndio unaowapoteza watu, kwa sababu huota mahali pawili: mbele karibu na mlilana, na tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali ambako mti mwingine hauwezi. Upande wa juu wa jani ni kijani, wa chini ni mweupe wa fedha, na ncha imechongoka. Pitisha ulimi juu ya jani siku ya jua: utaonja chumvi, maana mti huitoa kupitia majani. Maua ni madogo, ya manjano ya machungwa, na nyuki huyapenda sana. Tunda ni bapa, urefu wake kama sentimita mbili. Mchu wa nyuma wenye kimo cha meta moja unaweza kuwa mzee. Usiuandike kuwa mche.

Kuelekea bara, hasa penye maji ya mto, utakuta mkomafi na tunda lake la kahawia la mviringo, lenye kipenyo kinachoweza kufika sentimita 20 na mbegu za pembepembe zilizobanana ndani. Gome lake ni laini na hubanduka vipande vipande, na kila jani limegawanyika vijani vichache. Mkomafi dume (Xylocarpus moluccensis) una tunda dogo na gome la kukwaruza. Msikundazi (Heritiera littoralis), unaoonekana vizuri Rufiji, una jani kubwa lenye fedha chini na tunda gumu lenye ukingo uliotokeza mgongoni kama mkuku wa jahazi. Ukingoni kabisa kuna kikandaa (Lumnitzera racemosa): jani dogo, nene, limekatika kidogo nchani, na maua meupe.

Miti miwili yenye fedha chini ya jani, mchu na msikundazi, huchanganywa mara kwa mara. Tazama majani yalivyopangwa tawini. Ya mchu yanatazamana mawili mawili, ya msikundazi yanapishana. Kwa njia hiyohiyo utatofautisha kikandaa, ambao majani yake hupishana, na mkandaa, ambao majani yake hutazamana.

Ukikuta kangaga kubwa (Acrostichum aureum) limetanda, fahamu kwamba maji matamu yanafika hapo, na mara nyingi msitu umekatwa likapata jua. Mtomondo na matete huonyesha umeshatoka kwenye chumvi. Mvinje ni mti wa mchanga. Usiuhesabu pamoja na mikoko ingawa husimama karibu.

Wanyama na alama zao

Anza na matundu. Kaa koko (Scylla serrata) huchimba pango pana linaloingia kwa mshazari karibu na mizizi ya mkoko au kingo za vijito. Matundu membamba, mengi, kwenye tope linalopata jua ni ya kaa wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa mno. Jike ana magando madogo mawili, na watu humwandika kuwa aina nyingine. Chini ya vivuli vya mchu na mkandaa kuna kaa wenye magando mekundu wanaoburuta majani hadi mashimoni. Kazi yao ni kubwa: hulizika jani kabla maji hayajalichukua, na mashimo yao huingiza hewa topeni. Msitu wenye miti mizuri lakini usio na matundu una tatizo. Chunguza maji yake.

Tondo (Terebralia palustris), konokono mrefu mweusi, hukaa makundi makundi topeni. Wadogo hula tope, wakubwa hula majani yaliyoanguka, kwa hiyo ukiwaona wamejikusanya mahali pamoja inua uone, mara nyingi kuna jani katikati yao. Konokono mwingine mdogo mwenye ncha iliyokatika (Cerithidea decollata) hupanda mashina kabla maji hayajaja. Wakianza kupanda, nawe anza safari ya kurudi.

Samaki wanaorukaruka topeni, macho juu ya kichwa, ni Periophthalmus. Hupumua kwa ngozi ikiwa imelowa, ndiyo sababu huwaoni mbali na unyevu. Vijitoni, maji yakijaa, huingia vifaranga vya mkizi, changu na kelea, na kamba wachanga. Kuwaona, keti kimya ukingoni mwa kijito chembamba maji yanapoanza kuingia.

Ndege watazame maji yakiwa nusu, wakati tambarare inafunikwa na wanasukumwa karibu. Yangeyange na korongo hukaa mwaka mzima. Mdiria wa mikoko ana mdomo mwekundu wote na kichwa cha kijivu. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, ni mgeni wa kutoka kaskazini, ingawa wachache hubaki. Mida ni mahali pazuri pa kumtafuta Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyu hutaga kwenye mashimo ya mchanga huko Oman, Ghuba ya Uajemi na Somalia, kisha huja kwetu kupisha msimu. Jozani, Unguja, kima punju hutoka msituni kuingia mikokoni kula machipukizi, basi usishangae kumkuta juu ya mkoko.

Kupima na kuandika

Nyoosha kamba kutoka ukingo wa maji kwenda bara, ikikata msitu. Usiende sambamba na ufuko, maana utapita kwenye ukanda mmoja tu na kudhani msitu wote ni mkoko. Kila hatua chache weka mraba wa meta 10 kwa 10. Ndani yake andika kila mti wenye kipenyo cha sentimita 2.5 na zaidi. Pima kipenyo kwenye kimo cha sentimita 130 kutoka chini. Kwa mkoko pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa unaotoka shinani, vinginevyo utapima magongo.

Ukipenda, weka pia daraja za wakata miti, maana zinaeleza historia ya msitu: fito ni chini ya sentimita 4, pau 4 hadi 7.9, mazio 8 hadi 11.4, boriti 11.5 hadi 13.9, na kuanzia 14 ni nguzo. Boriti za Lamu na Rufiji zilipakiwa majahazini kwa vizazi vingi kwenda kuezekea nyumba za Oman na Ghuba. Ukikuta mraba wenye fito tele, nguzo zilizopinda, na hakuna boriti hata moja iliyonyooka, umekuta msitu uliochaguliwa: miti mizuri imetoka, na mbegu zinazoanguka ni za miti iliyoachwa. Hesabu visiki pia, kwa aina.

Miche igawe makundi matatu: chini ya sentimita 40, kati ya 40 na 150, na iliyozidi 150 lakini bado haijafikia kipenyo cha mti. Miche ya kundi la kwanza ikiwa tele na ya pili haipo, mbegu zinafika lakini hazikui. Tafuta mbuzi na ng'ombe, kaa wanaokata miche, au mchanga uliofunika. Miche ikikosekana kabisa chini ya miti yenye matunda, tazama kama barabara, tuta la chumvi au mfereji ulioziba unazuia maji kupita.

Uwanda mtupu ulio nyuma ya mkandaa na mchu usiuandike "umeharibiwa" kabla ya kuutafutia visiki. Sehemu nyingi ni tupu kiasili: bamvua pekee ndiyo hufika hapo, siku chache kwa mwezi, jua hukausha maji na chumvi ikabaki ikizidi ile ya bahari, ambayo ni kama gramu 35 kwa lita. Miche inayopandwa hapo hufa. Hufa vilevile inayopandwa chini mno, kwenye nyasi za baharini au tambarare isiyopata hewa ya kutosha, hata ikisimama wima miezi ya mwanzo. Kabla ya kupanda popote tafuta msitu mzima ulio jirani, pima kimo ambacho aina hiyo inaota yenyewe kwa kuangalia alama ya maji kwenye mashina, kisha ulinganishe na eneo lako siku hiyohiyo, maji yakiwa yamefika kimo kilekile.